Gereza Lililokuwa Kanisa

Huku Lualaba mtu akifungwa, watu husema ametiwa buloko. Kwenye redio na kwenye vitabu vya shule neno ni lingine: gereza. Wengi wanalisikia kila siku, lakini wachache wanajua kwamba neno hilo lilianza kama jina la nyumba ya sala. Wareno waliofika pwani ya Afrika ya Mashariki miaka mia tano iliyopita waliita kanisa igreja. Watu wa pwani wakalisikia kwa masikio yao, wakalitamka gereza. Baadaye kanisa likawa ngome, ngome ikawa nyumba ya wafungwa, na neno likahama pamoja na ukuta.

Ukuta huo bado umesimama. Uko mjini Zanzibar, kisiwani Unguja, ukitazama bahari ya Forodhani. Wenyeji wanauita Ngome Kongwe. Leo hakuna mtu anayefungwa mule. Watu huingia jioni kusikiliza taarabu, kutazama filamu, kununua picha za kuchora, au kukaa tu kivulini. Jukwaa la muziki limewekwa ndani ya ngome iliyokuwa gereza, na gereza lilikuwa limekaa juu ya mabaki ya kanisa.

Habari hii ya mbali ina maana kwa mtu wa Mutshatsha. Wazee wanaokaa kando ya reli, kutoka Tenke mpaka Dilolo, wanajua vita inavyofanya paa la nyumba. Mwezi wa tatu mwaka 1977 wapiganaji wa FNLC walivuka kutoka Angola, na kabla mwezi kwisha Mutshatsha ikawa mikononi mwao. Jeshi la Zaire, likisaidiwa na askari wa Moroko, liliirudisha mwezi wa nne. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, zamu ikawa ya Kolwezi. Kisha miaka ya 1992 na 1993 familia za Kasai zilizofukuzwa Katanga zilijazana Likasi na Kolwezi zikingoja treni, zikilala stesheni na penye paa lolote. Kuna watu wazima leo ambao kanisa walilijua kwanza kama mahali pa kulala, ndipo wakalijua kama mahali pa kuimba. Kwa watu kama hao, swali la nini kifanyike na kanisa ambalo haliwezi tena kuwa kanisa si mchezo wa watalii.

Kodi kwanza, sala baadaye

Vasco da Gama alipita Unguja mwaka 1499, akirudi kutoka India. Miaka minne baadaye, 1503, nahodha mwingine Mreno, Ruy Lourenço Ravasco, alikuja na mizinga, akateka vyombo vya watu baharini, akamlazimisha mfalme wa Unguja alipe kodi ya dhahabu mithkali 100 kila mwaka. Kwa hiyo kodi ilitangulia. Sala ilifuata nyuma, na nyuma sana: kanisa la mahali hapo lilijengwa kati ya mwaka 1598 na 1612 hivi, karibu miaka mia moja baada ya dhahabu ya kwanza kulipwa. Mapadri waliohudumu pwani wakati huo walikuwa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Kando ya kanisa palikuwa na nyumba ya mfanyabiashara.

Halikuwa kanisa la umati. Unguja ilikuwa nchi ya Waislamu karne nyingi mbele ya Wareno. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa, una maandishi ya mwaka 1107. Waliosali ndani ya kuta za Forodhani walikuwa hasa wageni wenyewe na watu wa nyumba zao. Ukubwa wa jengo hautaonyesha jambo hilo, lakini lina uzito kwa hadithi yote: kanisa lilipokufa, hapakuwa na parokia ya kulilia.

Na lilikufa pamoja na nguvu ya waliolijenga. Mwaka 1652 majahazi ya Oman yalishambulia Wareno wa Unguja. Mwaka 1696 Waoman wakaizingira Fort Jesus ya Mombasa, na mzingiro huo ulichukua karibu miaka mitatu, watu wakifa ndani kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi. Ngome ilianguka mwezi wa kumi na mbili 1698. Unguja ilikuwa na malkia wakati huo, Fatuma, aliyekuwa upande wa Wareno na aliyewapelekea chakula waliozingirwa. Washindi walimchukua wakampeleka Oman, akakaa huko miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurudi. Alipotazama upande wa kanisa aliporudi, aliona ngome karibu na makao yake.

Waoman walifanya kile ambacho fundi yeyote mwenye haraka hufanya. Walikuta kuta za matumbawe na chokaa zimesimama, wakazitumia. Wakazungushia ukuta mrefu, wakaweka minara ya duara. Miaka michache baadaye kulikuwa na askari wachache tu humo, kama 50 hivi. Katikati ya karne ya 18 Wamazrui wa Mombasa walipokuja kuiteka Unguja, ngome ilishikilia. Hiyo ndiyo vita yake kubwa. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kuwatazama watu wa ndani kuliko adui wa nje, na karne ya 19 ilipofika ikawa mahali pa kufungia watu. Wahukumiwa waliuawa nje, upande wa ukuta wa mashariki.

Hapo neno igreja lilikuwa limekwisha kusahau asili yake. Kilwa Kisiwani pia kuna ngome ya Wareno iliyojengwa upya na Waoman, na jina lake mpaka leo ni Gereza.

Shaba, pembe na njia ya Bunkeya

Mtu anaweza kudhani Zanzibar na Lualaba havikujuana. Msiri wa Garenganze, aliyekuwa na makao yake Bunkeya, katika teritware ya Lubudi ya leo, aliuza shaba, pembe za ndovu na watu kwa misafara ya pande zote mbili, ya Angola na ya pwani ya mashariki. Kiswahili kilianza kusikika katika nchi hii kwa njia hizo, mbele ya kambi za Union Minière kukifanya lugha ya mgodi. Na mwaka 1891, mfalme Leopold alipotaka kuichukua Katanga kabla ya Waingereza, kundi la kapteni Stairs lilikusanya wapagazi na askari wake Zanzibar, likavuka Bagamoyo, likatembea mpaka Bunkeya. Msiri aliuawa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili mwaka huo. Vijana wa Zanzibar waliobeba mizigo ya msafara ule walikuwa wametoka katika mji ambao katikati yake lilisimama gereza hilo.

Hatua chache kutoka ngome, Mkunazini, kulikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Waanglikana walijenga kanisa kuu lao papo hapo, ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877. Kwa hiyo mji mmoja ulishuhudia mambo mawili kinyume: kanisa likageuzwa gereza, na soko la watu likageuzwa kanisa. Nje ya kanisa hilo la Mkunazini kuna sanamu za watu wamesimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs. Mtu akitoka Manyema au Katanga akasimama pale, ajue kwamba misafara iliyolisha soko lile ilifika mpaka nchi ya babu zake.

Reli, tenisi, magugu

Wakaaji wa Mutshatsha, ambao mji wao umeishi kwa reli tangu njia ya Tenke mpaka Dilolo ilipounganishwa na ile ya Benguela mwaka 1931, watacheka kidogo kwa sehemu inayofuata. Zanzibar nayo ilikuwa na treni. Kampuni ya Wamarekani, Arnold, Cheney ya New York, ilijenga reli ndogo mwaka 1904 na 1905, kutoka mbele ya ngome mpaka kijiji cha Bububu, mwendo wa kilomita 11 hivi. Ngome ikatumika kama depo ya vifaa na matengenezo. Reli haikudumu; kabla ya mwaka 1930 ilikuwa imekufa, magari yameishinda. Waliofuata treni ya SNCC ikisimama siku tatu porini wanaielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Mwaka 1949 ngome ilitengenezwa tena, na mara hii uwanja wake ukapewa klabu ya wanawake, kukawa na tenisi ndani. Katika historia yote ya mahali pale, hili ndilo geuzo linalosimuliwa kwa haraka kuliko yote, na si haki. Ukuta uliojengwa kuwazuia watu wasitoke ulianza kuwalinda watu wasitazamwe na barabara. Ndiyo mara ya kwanza ngome ilipewa kazi ambayo mtu aliiingia kwa hiari yake. Kisha yakaja mapinduzi ya mwezi wa kwanza 1964, klabu ikaisha, na kwa muda mrefu ngome ikabaki na magugu.

Jukwaa

Mji Mkongwe wote ulikuwa ukioza wakati huo. Familia nyingi zenye nyumba zilikuwa zimekimbia, nyingine Oman, nyingine Uingereza, na ndani ya nyumba zao waliwekwa watu kutoka mashamba ambao hawakuwa na pesa za kuchoma chokaa wala za kununua boriti. Huo ni upande wa wakimbizi ambao mabango ya watalii huupita. Aliyeondoka hakuweza kutengeneza, aliyeingia hakuwa na uhakika kwamba nyumba ni yake, na kwa hiyo hakuna aliyeshika mwiko. Mwaka 1985 serikali ya Zanzibar iliunda mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza mji huo, na mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Ngome ilishughulikiwa miaka ya 1990. Uamuzi mzuri wa waliofanya kazi hiyo ulikuwa kutojaribu kurudisha kitu kimoja cha zamani na kufuta vingine. Hawakujenga upya kanisa, wala hawakufanya makumbusho ya mizinga. Waliacha kuta, na kati yake wakaweka ngazi za kukalia za nusu duara zinazotazama jukwaa, pamoja na vibanda vya wachoraji na wauza kazi za mikono. Mabaki ya kanisa na ya nyumba ya mfanyabiashara bado yanaonekana ndani ya ukuta kwa mtu aliyeoneshwa pa kutazama. Asiyeoneshwa anapita tu.

Mwaka 1998 tamasha la filamu la ZIFF, tamasha la nchi za jahazi, lilifanyika kwa mara ya kwanza, na ngome ikawa nyumba yake. Mwaka 2004 lilifuata tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo huja mwezi wa pili. Hapo ndipo Bi Kidude, mama aliyeimba taarabu na kupiga ngoma za unyago mpaka uzee mkubwa, alipopanda jukwaani mara nyingi kabla ya kufariki mwezi wa nne 2013. Alikuwa mwanamke maskini, hakuwa wa ikulu. Aliimba kwa sauti ya moshi wa sigara, ngoma ikiwa imefungwa kiunoni, katikati ya ukuta ambao katika karne iliyotangulia ungemjua kama mfungwa tu, au usingemjua kabisa.

Lakini mambo hayakwenda sawa kila mwaka. Sauti za Busara ya mwaka 2016 haikufanyika: pesa za wafadhili hazikutosha, na waandaaji walitangaza mapema kwamba wanaifuta. Ilirudi 2017. Mji uliokuwa umezoea kujaza vyumba na kuuza pweza wa kuchoma mwezi wa pili uliona upungufu huo mfukoni. Bei ya tiketi nayo ni mjadala wa kila mwaka. Mwenyeji hulipa kidogo kuliko mgeni, na bado kuna wenyeji ambao hicho kidogo ni chakula cha siku mbili. Ndiyo maana gwaride la ufunguzi, linalopita barabarani bila tiketi, linapendwa kuliko mambo mengi ya ndani. Ukuta, hata ukigeuzwa jukwaa, bado ni ukuta, na mtu wa mlangoni bado anauliza karatasi.

Jirani ya ngome inatoa onyo lingine. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 mahali panaposemekana palikuwa na makao ya Malkia Fatuma, lilifanywa makumbusho. Tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 2020 sehemu kubwa ya mbele yake ilianguka wakati wa kazi ya ukarabati, na watu wawili walikufa. Lilikuwa jumba maarufu kuliko ngome, na orodha ya UNESCO haikulizuia kuanguka. Jengo la kale halishibi sifa. Linataka fundi kila mwaka.

Wengine walivyofanya

Njia ya Zanzibar si ya pekee. Wareno wenyewe, mji wao wa Lisbon ulipotikiswa na tetemeko la tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 1755, walibaki na kanisa la Carmo likiwa na matao bila paa. Walianza kulijenga, wakaacha katikati, na tangu 1864 ni makumbusho. Mtu anatembea ndani akiona mawingu. Liverpool, Uingereza, kanisa la Mtakatifu Luka lilichomwa na mabomu ya Wajerumani mwezi wa tano 1941. Kwa miaka zaidi ya sitini lilikaa tu, kisha wasanii wakaanza kufanya michezo na filamu kati ya kuta zake.

Ulio karibu zaidi ni mfano wa Angola, nchi ambako familia nyingi za Mutshatsha zina ndugu. Mbanza Kongo, mji wa kale wa wafalme wa Kongo, una mabaki ya kanisa linaloitwa Kulumbimbi. Lilipandishwa kuwa kanisa kuu mwaka 1596, siku ambazo lile la Unguja lilikuwa bado halijaanza kujengwa. Hadithi ya huko inasema lilijengwa na malaika usiku mmoja. Kuta zimebaki, paa hakuna. Watu hawakuweka ngazi za kukalia wala taa za jukwaa ndani. Wameliacha likiwa gofu linaloheshimiwa, Papa Yohane Paulo II alifika pale mwaka 1992, na mji wote uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2017.

Tofauti iko wapi? Kulumbimbi lilikuwa kanisa la wafalme wa nchi yenyewe, na wazao wao wapo karibu nalo. La Unguja lilikuwa la wageni walioondoka. Mahali ambapo waumini na makaburi yao bado wapo, kugeuza jengo ni jambo la kwenda polepole, na pengine la kuachwa kabisa. Mahali ambapo hakuna aliyebaki, kuliacha liwe maficho ya wezi na choo cha wapita njia hakumheshimu mtu yeyote, hata Mungu. Kati ya hizo mbili kuna hali ya tatu, ambayo Zanzibar haikuijua na ambayo Lualaba inaijua: waumini hawakufa wala hawakubadili dini, walikimbia. Wako Kolwezi, Solwezi, Mbuji-Mayi, Luau. Wanaweza kurudi. Jina la mtoto wao aliyebatizwa limo katika daftari la misheni fulani. Kwa jengo la namna hiyo, kuweka jukwaa bila kuwauliza ni kuwafukuza mara ya pili.

Katoliki ina sheria juu ya hilo, na si ndefu. Kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba kanisa likiwa haliwezi tena kutumika kwa ibada, na hakuna njia ya kulitengeneza, askofu wa jimbo anaweza kuliruhusu lipewe kazi ya kawaida, lakini si kazi ya aibu. Ikiwa sababu ni nyingine nzito, asikilize kwanza baraza la mapadri, na apate ridhaa ya wale wenye haki juu ya jengo. Mwaka 2018 Vatikano iliita mkutano Rome juu ya makanisa yasiyotumika tena, ukatoa mwongozo unaopendelea kazi za utamaduni na za huruma kuliko biashara. Kwa hiyo ukumbi wa nyimbo unaruhusiwa, baa hairuhusiwi. Kwa Waprotestanti, wawe Wametodisti au wana wa misheni ya Garenganze iliyoanzishwa na Arnot Bunkeya mwaka 1886, uamuzi hupitia kamati na viongozi wa jumuiya yao. Na juu ya wote kuna sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973: udongo ni wa taifa, mwenye jengo ana haki ya kuutumia tu kwa karatasi ya serikali. Katika jimbo ambalo kila kilima kinatafutiwa shaba na kobalti, karatasi hiyo ikipotea, ukuta wa kanisa hauna wa kuutetea.

Sanaa bila nyumba

Zanzibar ilikuwa na nyumba ikatafuta sanaa ya kuiweka ndani. Katanga mara nyingi imekuwa kinyume. Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Likasi, ambayo ilikuwa bado inaitwa Jadotville, mwaka 1952, akipiga gitaa kwa vidole namna ambayo wapiga gitaa wa Kenya na Afrika Kusini walijaribu kuifuata. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia yote ya nchi kwa rangi, picha baada ya picha, miaka ya 1973 na 1974 huko Lubumbashi, akiziuza nyumba kwa nyumba. Kundi la Mufwankolo lilicheza michezo yake kwa Kiswahili cha Lubumbashi, watu wakicheka mpaka machozi. Tangu 2008 Lubumbashi ina Biennale, iliyoanzishwa na wasanii wa kituo cha Picha. Wote hao walitangulia kufanya kazi, ukumbi ukaja baadaye au haukuja kabisa.

Upande wa Mutshatsha ngoma za Walunda na Wachokwe, nyimbo za kwaya na michezo ya vijana hufanyika uwanjani, chini ya mwembe, au shuleni baada ya masomo. Mwezi wa pili, wakati Zanzibar wanakaa kwenye ngazi za ngome, huku mvua inanyesha na kila kitu kinasimama. Ukuta wa gofu wenye nusu ya paa ungekuwa na maana kubwa kuliko jukwaa lenye taa za rangi.

Fundi yeyote anajua kazi inaanzia wapi, na haianzii kwenye jukwaa. Mafundi wa Zanzibar walijifunza kwamba ukuta wa kale wa chokaa hautaki saruji: saruji inafunga unyevu ndani, chumvi inafanya kazi yake, na baada ya miaka michache uso wa ukuta unabanduka kama ngozi ya mgonjwa. Huku makanisa mengi ya misheni ni ya matofali ya kuchoma, na mara nyingi udongo ndio uliounganisha matofali, saruji ikiwa ya uso tu. Mabati yakiisha kuchukuliwa, maji huingia kutoka juu ya ukuta, udongo unalainika, tofali la juu linaanguka, kisha la pili. Mti unaota kwenye ufa na mizizi yake inafungua ukuta taratibu. Mti huo haung'olewi kwa nguvu, maana utatoka na ukuta. Unakatwa, mizizi inaachwa ife. Halafu kichwa cha ukuta kinafunikwa, kwa bati kuukuu, kwa vigae, hata kwa nyasi za kufungwa vizuri. Kazi hiyo haingoji mfadhili wala barua ya askofu, na haimnyang'anyi mtu aliyekimbia haki yake: akirudi atakuta ukuta, kisha aseme mwenyewe kama anataka sala au nyimbo. Mvua za kwanza huku huanza kuanguka kati ya mwezi wa tisa na wa kumi.